Mwanangu, kuhusu kiapo cha Wajerumani

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Tabora wazima, goti la mama yako nalo limetulia. Nimeisikiliza sauti uliyotuma. Unauliza: ukiapa kuwa raia wa Ujerumani, utabaki kuwa Mtanzania? Na kwamba kaka yako ameshakuita msaliti. Huyo niachie mimi.

Kisheria jibu ni fupi: hapana. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa kwao kwa hiari yako, wa kwetu umekwisha. Kinachonikera ni kwamba Wajerumani wenyewe, tangu Juni 2024, hawadai uache wa kwenu. Na hao ndio ambao kabla ya mwaka 2000 mtoto wa Mturuki aliyezaliwa na kusoma Berlin walimhesabu mgeni, huku mtu wa Kazakhstan mwenye asili ya Kijerumani akipokelewa kama ndugu aliyerudi nyumbani. Taifa kwao lilikuwa damu. Wamebadilika, ingawa kwa kujivuta.

Sisi tuliwatangulia. Oktoba 1961, hata uhuru haujafika, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia, na wapo wabunge waliotaka uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Muswada ukapita bila kigezo cha rangi. Kwa hiyo kaka yako akikwambia Utanzania uko kwenye damu, mwambie akasome kwanza.

Ila nawe usije na ile ya "pasi ni karatasi tu". Ulikuwa mdogo nilipofundisha Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Wanafunzi wangu wengi walikuwa watoto wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walizaliwa pale pale, waliimba wimbo wa Taifa asubuhi kama wewe, na tumbaku ya wazazi wao ilihesabiwa kwenye mauzo ya nchi hii. Lakini kutoka nje ya makazi walihitaji kibali. Tangu 2007 wakaruhusiwa kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia, na wengi mno wakaichagua Tanzania. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Sharti lilikuwa waukane uraia wa Burundi, wakaukana. Halafu vyeti vikakwama, kwa kuwa serikali ilitaka kwanza wahame wakatawanywe mikoani. Vilikuja kutolewa kwa wingi Oktoba 2014. Miaka hiyo yote ya katikati mtu alikuwa si raia wa kule, na wa hapa hana cheti, na ukikaa naye kijiweni akibishana mambo ya Simba na Yanga humtofautishi na mimi.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba uraia na utaifa ni kitu kimoja. Kuwa mtu wa kwetu hakuna ofisi inayotoa, wala inayoweza kukunyang'anya. Uraia unatolewa na unaondolewa, na ndio wenye kura, ardhi na haki ya kuingia nchini bila kuomba. Wale Warundi walikuwa na la kwanza miaka mingi, wakateseka kwa kukosa la pili. Wewe utakuwa katika hali hiyo hiyo, tofauti ni kwamba umejichagulia.

Hadhi Maalumu, ile wanayopewa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, ni hatua, sikatai, lakini haikupi kura, na mtu anayewalipia wadogo zake ada kutoka Hamburg ana sauti gani katika nchi anayoisomeshea watoto? Ningekuwa mbunge ningeunga mkono uraia pacha, ila mwenye pasi mbili asigombee urais. Mama yako anasema hata ubunge asigombee. Hatujaafikiana.

Ukiona kazi yako na wanao wanahitaji kiapo hicho, apa. Hutakuwa umemsaliti mtu. Lakini kabla hujaapa, mpigie baba yako mdogo kuhusu shamba la Urambo. Jina lako limo kwenye hati pamoja na lake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nataka sehemu yako ihamishiwe kwa dada yako ungali raia, kwa utaratibu, mbele ya mashahidi. Nijulishe tarehe ya kiapo mapema, maana ofisi ya ardhi hapa haina haraka.

Baba yako