Wasomaji Wanauliza: Saa ya Kupiga Picha Barcelona

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi wa Juni mimi na mume wangu tutakuwa Barcelona. Tuna simu tu, hatuna kamera. Tunataka picha za kanisa la Sagrada Família, mitaa ya kale na ufukwe. Twende wapi saa ngapi? Na mbona tukipigana picha ufukweni Entebbe nyuso hutoka giza?
Msomaji, Ntinda, Kampala

JIBU: Dada, angalieni jua kwanza. Kwetu jua hushuka wima, na ule mwanga wa dhahabu wa jioni hudumu kama dakika 25 tu. Barcelona mwezi wa Juni hushuka kimshazari, mnapata karibu 40, nalo huzama saa 3:30 usiku. Msile chakula cha jioni mapema mkaukosa.

Sagrada Família, lililoanza kujengwa 1882, lina nyuso mbili, yaani kuta za mbele zenye sanamu, za kupigwa picha. Ule wa Kuzaliwa kwa Yesu unatazama mashariki, basi uendeeni asubuhi. Vukeni barabara hadi bustani ya Plaça de Gaudí, mpige ng'ambo ya bwawa ili minara ionekane pia majini. Mkisimama chini ya ukuta na kuinua simu, minara italalia nyuma. Rudini mbali, simu iwe wima, sehemu ya chini isiyotakiwa mtaikata baadaye. Uso wa Mateso unatazama magharibi, ni wa alasiri. Ndani, vioo vya madirisha ya mashariki ni vya buluu na kijani, vya magharibi ni vyekundu na vya machungwa. Tiketi hununuliwa kwenye intaneti na huwa na saa ya kuingia. Sisi tungechagua saa 11 jioni, vile vyekundu vinapowaka hadi sakafuni.

Vichochoro vya Barri Gòtic, ndiyo mitaa ya kale, viepukeni adhuhuri: mbingu hutoka nyeupe, kuta nyeusi. Nendeni saa 1 asubuhi, kabla ya umati. Kwenye barabara ya La Rambla na kwenye metro, treni za mjini, wezi wa mfukoni ni wengi, simu iwe na kamba ya mkononi.

Ufukwe wa Barceloneta unatazama kusini-mashariki. Jua huchomoza upande wa bahari, saa 12:15 asubuhi, na jioni huzama nyuma ya mji. Anayetaka machweo juu ya maji hatayapata hapo.

Kuhusu nyuso: simu huona mchanga na maji yanayong'aa, ikapunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi nyeusi ndiyo huumia zaidi. Gusa uso kwenye skrini, kisha telezesha alama ya jua juu kidogo mpaka uso uonekane sawasawa. Anga ikififia, iacheni. Uso ni muhimu kuliko wingu. Mchanga ukiingia kwenye lenzi, upulizeni kwanza ndipo mfute kwa kitambaa laini, maana ukisuguliwa hukwaruza.

Chaja zenu za pini tatu haziingii kwenye soketi za Hispania. Nunueni adapta ya pini mbili za mviringo hapo Kampala kabla ya safari.