Je, Chapa ni Nakala Tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu alimaliza kidato cha nne, na sasa anachora picha za rangi kwa ajili ya duka moja la vinyago mjini Arusha. Hivi karibuni ameanza kuchonga vibao na kuvichapa kwenye karatasi, na anasema anataka kuishi kwa uchoraji na uchapaji. Mjomba wake anasema chapa ni nakala, na nakala haina thamani. Je, kazi hii ina mahali pa kujifunzia, au anapoteza muda?
Mama mzazi, Majengo, Moshi

JIBU: Mama, mjomba amechanganya chapa na fotokopi, na hayuko peke yake. Fotokopi hutolewa kwenye picha ambayo tayari ipo, ilhali chapa ya sanaa haitanguliwi na picha nyingine: msanii huchonga ubao kinyume, kushoto kuwe kulia, akiacha zimeinuka zile sehemu zitakazobeba wino, na picha huonekana kwa mara ya kwanza karatasi inapobanduliwa. Chini yake huandika kwa penseli namba kama 3/20, yaani karatasi ya 3 kati ya 20, kisha hutia saini. Fred Mutebi wa Uganda hutumia ubao mmoja kwa rangi zote. Akishachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, huuchonga tena ubao uleule kwa ajili ya rangi inayofuata, hata kazi inapokwisha ubao umeliwa kiasi kwamba hauwezi tena kutoa picha ile. Sijui mjomba angeiitaje nakala.

Mafunzo yana njia zaidi ya moja. Mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame hapo jirani yenu, alisoma Makerere, kisha shule ya sanaa ya Slade mjini London katika miaka ya 1950. George Lilanga alianzia kwenye vinyago vya Kimakonde, akaingia Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, kwanza kama mlinzi, na humo akajifunza kuchora, kutia batiki na kuchapa. Leo kijana anaweza kuulizia nafasi TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa sasa asiliache duka, maana ndilo linalomnunulia rangi, ingawa kuchora twiga yuleyule mbele ya Kilimanjaro kila wiki huupumbaza mkono. Jioni achonge plaiwudi au kipande cha lino, yaani lile tandiko la sakafu lililo laini kuchongeka, apake wino kwa rola, kisha asugue mgongo wa karatasi kwa kijiko. Mashine si lazima kwa anayeanza. Awe na daftari la kuandikia kila karatasi na aliyeinunua, na akishaandika kwamba ziko 20, ya 21 isitoke hata mteja akibembeleza.