Vumbi la dawa: mikrogramu 5 zatoka wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mpima unga wa dawa katika kiwanda cha vidonge Dar es Salaam. Dawa ya presha tunayotengeneza, mgonjwa humeza miligramu 5 kila siku na hali yake hutengemaa. Sisi tunaambiwa hewa ya chumba isizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Mbona kidogo hivyo? Tena pampu ya kupimia vumbi hewani ilipowashwa dakika 15 tukimwaga unga, maabara ilijibu "haikuonekana". Je, tuko salama?

JIBU: Mgonjwa anaihitaji dawa hiyo, wewe huihitaji. Presha ikishuka kwake ni tiba, kwako ni kizunguzungu ukiwa juu ya ngazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 kuhusu kiwanda cha vidonge vya uzazi wa mpango huko Puerto Rico uliwakuta baadhi ya wafanyakazi wanaume wameota matiti.

Hesabu huanzia kwenye dozi ndogo kuliko zote inayotibu. Chukua hizo miligramu 5. Gawa kwa 10, maana kinachotafutwa ni kiasi kisichofanya lolote mwilini. Gawa tena kwa 10, kwa kuwa miili haifanani. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000, basi zinabaki mikrogramu 50 kwa siku. Kwa zamu ya saa 8 mtu huhesabiwa kuvuta mita za ujazo 10 za hewa, basi 50 kwa 10 ni 5.

Lakini muulize aliyepiga hesabu maswali mawili. Je, dawa ikimezwa huingia yote kwenye damu? Ikiwa huingia nusu tu, na vumbi linalovutwa linachukuliwa kuwa huingia lote, kikomo kinapaswa kuwa 2.5. Je, hukaa mwilini siku nyingi? Basi kishuke zaidi. Zamu za saa 12 nazo, kwa kanuni inayotumika sana, hukata kikomo nusu. Na kwa penisilini, mwenye mzio tayari hesabu hii haimkingi.

Sasa hilo "haikuonekana", ambalo ndilo linalotutia wasiwasi. Pampu ya lita 2 kwa dakika, kwa dakika 15, hupitisha lita 30 tu. Tuseme maabara yenu haioni chini ya mikrogramu 1 kwenye kichujio kinachonasa vumbi. Basi hewa ingeweza kuwa na karibu mikrogramu 33 kwa mita ya ujazo na jibu likabaki lile lile. Kikomo ni wastani wa saa 8: ukimwaga unga mara moja kwa siku, 33 hiyo hushuka hadi kama 1, ukimwaga mara 10, wastani unapita 10, mara mbili ya kikomo. Kwa hiyo iulizeni maabara kiwango chake cha chini kabla ya kuwasha pampu, kisha pimeni zamu nzima. Lita 960 za saa 8 zitawawezesha kuona hadi takriban mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo. Kichujio kikae kwenye kola, ndani ya sentimita 30 kutoka puani, kisiwekwe mezani. Mwendo wa pampu uhakikiwe kabla na baada.

Tena tazameni mfuko wa plastiki baada ya kumwaga. Mtu huukamua ili aukunje, na hewa iliyobaki hutoka na wingu jembamba sawasawa na uso wake. Wakati mwingine hilo hushinda vumbi la kumwaga kwenyewe. Sokoteni shingo ya mfuko, ifungeni mfuko ukiwa bado ndani ya kibanda kinachofyonza hewa, halafu uingizwe kwenye mfuko wa pili. Msifagie unga mkavu wala kupuliza kwa hewa ya kompresa: tumieni kitambaa chenye maji. Barakoa ya hospitali haizibi kingo za uso, kwa hiyo kwa unga huu msiitegemee hata siku moja.