Jibu: Utabiri wa kilima cha skii
Ndugu, umeuliza kwa nini simu ilitabiri nyuzi 3 na mvua, kumbe kilimani, mnakoteleza kwa skii juu ya theluji, ilianguka theluji. Simu ilikupa hali ya mji ulioko bondeni. Ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5, kwa hiyo tafuta utabiri wa kimo cha kileleni. Ila kwenye vilima vidogo vya familia mimi huogopa upepo kuliko mvua: lifti ya kuwapandisha watelezaji pengine ni moja, ikisimamishwa kwa sababu ya upepo mnabaki kutazamana. Wapigie simu wa kilimani asubuhi. Anayepokea huenda ndiye aliyeamka alfajiri kusawazisha theluji, atakwambia kama imeganda ikawa barafu. Na uliza siku za kufungua, wengine ni wikendi tu.