Lumbesa, Mishahara na Fungu la Kumi: Majibu kwa Wafanyabiashara

Maswali ya safari hii yametoka kwa wafanyabiashara Wakristo na Waislamu wanaotaka imani yao ionekane katika shughuli zao. Nimeyajibu kwa kutumia vitabu vyao wenyewe na sheria za nchi wanamofanyia kazi.

Swali: Nanunua viazi mkoani Njombe na kuvipeleka Dar es Salaam. Wanunuzi wote wanafunga lumbesa, nami nikikataa nitakuwa nimenunua ghali kuliko wenzangu. Dhamiri inanisuta. Nifanyeje?

Dhamiri yako inasema kweli. Sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia hutaka watimiziwe na wakiwapimia wengine hupunguza, na Mithali 11:1 inasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Katika lumbesa anayepunjwa ni mkulima, kwa maana analipwa bei ya gunia moja huku kile kilichorundikwa na kushonewa juu ya mdomo wa gunia kikiondoka bure. Nunua kwa kilo, tumia mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na umwache mkulima asome uzito kwa macho yake. Sikatai kwamba faida yako kwa kila safari itapungua, na usitarajie sheria ikusaidie kuwabana wenzako mara moja: nchini Kenya kanuni za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia la viazi, lakini magunia makubwa hayakutoweka sokoni. Unachoweza kupata ni wakulima watakaokupigia simu wewe kwanza viazi vinapoadimika.

Swali: Nina karakana ya samani Arusha. Niliahidi kanisani shilingi milioni tatu za ujenzi, na mafundi wangu wananidai mishahara ya miezi miwili. Ahadi niliyoitoa mbele ya Mungu si ndiyo itangulie?

Hapana, ndugu yangu. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hata asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inaongeza sababu: alipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Waislamu nao wana hadithi, iliyopokewa na Ibn Majah, inayoagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Fedha unayofikiria kuipeleka madhabahuni tayari ina wenyewe, nao ndio wanaopiga randa na msasa hapo karakanani huku wakikwepa macho ya mwenye nyumba na ya muuza duka anayewadai unga.

Mwendee mchungaji, umweleze hali ilivyo na umwombe akuongezee muda. Akikunyima baada ya kusikia habari ya mafundi, basi mwenye shida ya kiroho hapo si wewe peke yako. Kisha waite mafundi wote kwa pamoja, uwaambie deni la kila mmoja na tarehe utakayolipa, na uanze na wenye mishahara midogo. Jambo la mwisho ni gumu zaidi: usipokee kazi mpya kwa malipo ya awali ukaitumia fedha hiyo kuziba ahadi ya kanisa, kwa sababu utakuwa umeongeza mdai wa tatu.

Swali: Kila asubuhi nafungua karakana yangu ya ushonaji, Nakuru, kwa ibada ya nusu saa. Wafanyakazi wawili Waislamu hubaki nje. Je, huo ni utovu wa nidhamu?

Si utovu wa nidhamu hata kidogo. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Ibada iwe ya hiari na isiandikwe katika daftari la mahudhurio, na hao wawili wapewe nafasi yao ya sala ya Ijumaa bila kununiwa.

Swali: Duka langu la rejareja Tanga linauza vizuri, lakini jioni droo haina kitu. Jirani anasema nimepatwa na chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta fedha za mtu, nitafute maombi. Unasemaje?

Omba, maana maombi hayakatazwi, ila kwanza hesabu. Kwa majuma mawili andika fedha ya kuanzia asubuhi, mauzo, manunuzi, chenji, na kila kilichotoka dukani kwenda jikoni kwako, ikiwemo ile sukari ambayo hakuna anayeikumbuka. Andika pia waliokopa, hata akiwa shehe au shemeji. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, 2:282, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kuandikiana ni kukosa imani. Chuma ulete wengi niliowahi kuwasikia walikuwa wanaishi nyumba moja na mwenye duka.

Swali: Mimi ni Mkristo na mshirika wangu ni Mwislamu, tuna duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Mimi hutoa fungu la kumi la mauzo, yeye anasema zaka ni asilimia 2.5. Tunapishana kila mwaka.

Mnapishana kwa sababu mnapima vitu viwili tofauti. Tuseme mfuko wa saruji mmeununua shilingi 18,500 na kuuuza 19,500. Faida ni 1,000, lakini fungu la kumi la mauzo ni 1,950, maana yake unatoa sadaka fedha ya msambazaji, na mshirika wako anachangia bila kuulizwa. Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia mazao ya shamba. Kwa mwenye duka, kinacholingana na mazao ni faida yake.

Zaka ya biashara hutolewa mwaka wa mwandamo ukitimia, kwa bidhaa za kuuza kwa bei ya soko ya siku hiyo pamoja na fedha taslimu, ikiwa thamani imefikia ile ya gramu 85 za dhahabu. Rafu, mizani na gari la mizigo havihesabiwi. Kama mali hiyo, baada ya kutoa madeni yaliyoiva, ni milioni 200 na hisa zenu ni nusu kwa nusu, sehemu ya mshirika wako ni milioni 100 na zaka yake ni milioni 2.5. Kila mmoja atoe katika sehemu yake, na droo ya duka isiguswe.