Risasi za Mazoezi: Piga Hesabu kwa Risasi Moja, Usiangalie Boksi

Mkenya mwenzangu hapa Texas akishanunua bastola yake ya kwanza, hazipiti wiki nyingi kabla hajanipigia simu: "Kaka, mbona hizi risasi zinanifilisi?" Bastola unailipia mara moja. Risasi utazilipia kila unapotia mguu uwanja wa shabaha, na maboksi matatu ya hamsini hamsini huisha kabla hujapata jasho. Hapo bado hujalipia nafasi ya kulengea wala karatasi za shabaha.

Kwanza sheria, maana kuna vijana wanaoichukulia mzaha. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa leseni halali ya kuwinda. Risasi moja mfukoni inatosha kukuharibia makaratasi yako yote ya uhamiaji. Mwenye grinkadi anaruhusiwa. Na duka lenye leseni halimuuzii risasi za bastola mtu asiyefikisha miaka 21.

Haya, tuingie dukani. Kama bado hujanunua bastola, chukua ya milimita 9 na nusu ya tatizo lako la bei imekwisha. Risasi hiyo aliibuni Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na leo inatumiwa na majeshi na polisi kila pembe ya dunia. Viwanda vinaimwaga sokoni kwa wingi, ndiyo maana risasi za ukubwa wa .40 na .45 huwa ghali zaidi. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu: 9x19, 9mm Luger na 9mm Parabellum ni kitu kimoja. Lakini 9mm Makarov ni nyingine, na .380 ni nyingine. Muuzaji akikwambia "ni tisa tu hiyo," rudisha boksi.

Bei igawanye kwa idadi ya risasi. Tuseme boksi la 50 linauzwa dola 14: hiyo ni senti 28 kwa risasi. Mtandaoni unaona kasha la 1,000 kwa dola 260, unaona umeokota dhahabu, senti 26. Ongeza dola 25 za kusafirisha na kodi juu yake, umeshapita senti 28. Risasi ni nzito, na uzito huo lazima mtu aulipie. Mimi hununua kasha kubwa pale tu usafirishaji unapokuwa wa bure.

Kwa mazoezi unatafuta zile zenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa koti la shaba, boksi limeandikwa FMJ. Zile zenye tundu kichwani ni za kujilinda, na bei yake ni mara kadhaa. Piga boksi moja au mawili uhakikishe bastola yako inazimeza bila kukwama, halafu zihifadhi.

Kuhusu uzito wa kichwa cha risasi, ambao hupimwa kwa greni, utakutana na greni 115, 124 na 147. Za 115 kwa kawaida ndizo rahisi zaidi, nazo zinatosha. Kama risasi zako za kujilinda ni za 124, basi kuongeza senti moja mbili ili ufanye mazoezi na uzito uleule si hasara, kwa kuwa teke la bastola mkononi litafanana. Zilizoandikwa +P ziache rafuni. Zina nguvu ya ziada usiyoihitaji kutoboa karatasi, na zinachosha mkono na bastola pia.

Wengi huumia kwenye ganda, kile kikopo kinachobeba baruti. Risasi zenye ganda la chuma huwa na bei tamu, na zamani nyingi zilitoka Urusi, mpaka Marekani ilipozuia vibali vipya vya kuziingiza mwaka 2021. Ila viwanja vingi vya ndani havizitaki. Mfanyakazi pale mlangoni anafungua boksi lako, anapitisha sumaku juu ya risasi, zikinasa anakurudishia. Sumaku hiyo haikamati maganda peke yake, hata kichwa cha risasi kikiwa na chuma chini ya koti la shaba kitanasa. Wanaogopa cheche na uharibifu wa ukuta wa kupokelea risasi. Tena maganda ya shaba ya njano wao huyaokota na kuyauza. Kwa hiyo piga simu uwanjani kwanza. Maganda ya alumini, kama ya Blazer, sumaku haiyashiki, na kwa bastola nyingi yanafanya kazi vizuri, ingawa kuna viwanja vinavyoyakataa pia.

Zile zilizojazwa upya, maganda ya zamani yaliyotiwa baruti mpya, mimi sigusi labda ziwe za kampuni inayojulikana. Za mtu binafsi anayeuza kwenye mfuko wa plastiki, hapana kabisa. Glock wenyewe wanaonya dhidi ya risasi za kujaza upya. Na risasi yoyote, hata mpya, ikitoa kishindo hafifu kama kizibo cha soda, acha kufyatua papo hapo. Elekeza mtutu kwenye shabaha, toa magazini na risasi iliyo ndani, kisha ita msimamizi, kwa sababu huenda kichwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua.

Ukipata aina mpya ya bei nzuri, nunua maboksi mawili kwanza. Magtech ya Brazil, Sellier & Bellot ya Ucheki, Fiocchi ya Italia, PMC ya Korea Kusini: zote nimezipiga na sina ugomvi nazo, lakini bastola yako ina matakwa yake. Ikizipokea bila shida, ndipo ununue za kutosha miezi michache. Waliokuwa hapa mwaka 2020 wanakumbuka rafu tupu na bei zilivyoruka. Zikikaa pakavu, mbali na joto la gari, hudumu miaka mingi.

Ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla hujashika chakula. Moshi ule una madini ya risasi, yaani lead, ambayo ni sumu. Na begi la mazoezi lisigeuke begi la safari ya nyumbani. Risasi moja iliyojificha kwenye pindo la mfuko itaonekana kwenye mashine ya JKIA, na kwa sheria ya Kenya kuwa nayo bila cheti ni kosa la jinai.