Wakili, niandike baba amefariki ili nipate mkopo?

SWALI: Shikamoo wakili. Nimemaliza kidato cha sita kwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na nimeomba kusoma Shahada ya Sheria. Baba aliondoka nikiwa mdogo, hatujui aliko. Nimelelewa na mama, anauza mboga sokoni. Kijana wa steshenari anayejaza fomu za mkopo anasema bila kuwa yatima sipati kitu. Anataka shilingi 150,000 anitafutie cheti cha kifo cha baba, na anasema ana mtu wake Bodi ya Mikopo. Nifanyeje? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe hata senti.

Mawakili ni makamishna wa viapo, kwa hiyo dirisha la maombi likifunguliwa fomu za Bodi ya Mikopo hupita mezani kwangu kugongwa muhuri. Hii kauli ya "bila kuwa yatima hupati" naisikia kila msimu, na inanikera kuliko zote, kwa sababu inawafikia zaidi watoto ambao wangepata mkopo kwa kusema ukweli wao tu.

Bodi haigawi mkopo kwa kuhesabu makaburi. Inapima uhitaji: anayekulea ni nani na anaishi kwa kipato gani, sekondari ulisomeshwa na nani, kama wewe au mzazi ana ulemavu, kama kaya yenu inasaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Uyatima ni kigezo kimojawapo. Mtoto wa mama anayeuza mboga peke yake tayari ana hoja nzito. Ni kweli Sheria haiko mstari wa mbele kwenye vipaumbele, fani za afya na ualimu wa sayansi hutangulia, kwa hiyo unaweza kupangiwa sehemu tu ya gharama. Hilo cheti cha kifo hakilibadilishi.

Tena hicho cheti hakifiki mbali. Lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kabla hujakiambatisha, na RITA hawaangalii uzuri wa karatasi, wanatafuta kwenye kumbukumbu zao za usajili. Kifo ambacho hakikusajiliwa hakimo. Hapo unakuwa umewasilisha nyaraka ya kughushi kwa jina lako, na kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi kunaweza kukupeleka jela hadi miaka saba. Kijana wa steshenari jina lake haliko popote.

Na wewe unataka kuwa wakili! Baada ya shahada utapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha utaomba kupokelewa uwakili, na hapo Baraza la Elimu ya Sheria linataka kujua wewe ni mtu wa mwenendo gani kabla hujasimama mbele ya Jaji Mkuu. Mkopo nao ni deni. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe, na miaka yote hiyo jalada lako liko Bodi, na ndani yake baba aliye hai ameandikwa marehemu. Siku akijitokeza utasemaje?

Kuhusu "mtu wake Bodi", biashara ya vishoka kama huyo kijana iko hivi. Anachukua fedha za watu ishirini. Watakaopangiwa kwa sifa zao anawaambia ni kazi yake. Waliokosa anawaambia wasubiri awamu ya pili, kisha ya tatu, mwisho hapokei simu. Hana anachokifanya katikati.

Kuna kishoka mmoja aliwahi kuniletea fomu zimefungwa kwa mpira, ukurasa wa kiapo wa kila moja umeshasainiwa, waombaji wenyewe hawapo. Nilimrudishia zote. Kiapo huliwa na mwenyewe, mbele ya anayekishuhudia. Nilichokiona kwenye zile fomu kilinisikitisha zaidi: namba ya simu ilikuwa moja kwenye fomu karibu zote, na ni yake. Maana yake Bodi ikifungua nafasi ya kurekebisha kasoro, ujumbe unaenda kwake, nywila anayo yeye, na mtoto yuko kijijini anaamini amekosa mkopo kwa kuwa hana ndugu mkubwa serikalini. Kumbe kilichokosekana ni muhuri wa serikali ya mtaa, au jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha kidato cha nne. Wengi ninaowaona wakilia wameangushwa na vitu hivyo.

Siku hizi vishoka wamepanuka. Wanawauzia watoto wa tahasusi za sanaa kama HGL na HKL "fomu za Samia Scholarship", wakati ufadhili ule ni wa waliofaulu vizuri sana tahasusi za sayansi. Wahitimu wa sheria wanaotafuta shahada ya uzamili Uingereza wanatozwa "ada ya Chevening", na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, haitozi ada ya maombi. Anayekuuliza kwanza una shilingi ngapi, kabla ya kukuuliza ulipata daraja gani, mkimbie.

Ada halali ya kuomba mkopo wa Bodi ni shilingi 30,000, unailipa mwenyewe kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Fungua akaunti kwa simu yako na tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo. Hakiki cheti cha kuzaliwa RITA wiki hii, usingoje siku za mwisho. Kwa baba jaza lililo kweli, mama awe mdhamini, na mwenyekiti wa mtaa anayewafahamu aandike barua kwamba unalelewa na mama peke yake. Kama mko TASAF, weka namba ya kaya. Ukipangiwa kidogo kuliko uhitaji wako, dirisha la rufaa hufunguliwa, na hiyo barua utaihitaji tena hapo. Ukurasa wa kiapo usiusaini nyumbani. Nenda nao bila saini, usaini mbele ya wakili au hakimu.